Bodi Iliyochorwa kwa Rangi ya Kucha

Kiti cha magurudumu cha Velika, kile cha umeme, kilizimika Jumatatu asubuhi mbele ya duka la mikate, mvua ya manyunyu ikinyesha. Hakikulia, hakikukohoa. Alisukuma kifimbo cha kuendeshea mbele, nyuma, mbele tena, na kiti kikakaa pale pale kama hakimjui. Papo hapo watu wanne wakamzunguka, kila mmoja na ushauri wake, na kabla hajafungua mdomo walikuwa wamekwisha kumsukuma hadi nyumbani, wakampandisha kwa lifti ghorofa ya tatu, wakamwegesha sebuleni akitazama ukuta. Wakaondoka wamejaa raha kwa wema wao.

Hilo la kutazama ukuta ndilo lililomchoma. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu ateleze kwenye barafu akavunjika mgongo, na katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kitu kimoja kuhusu binadamu: akikuona umekaa juu ya magurudumu, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye kifimbo chako. Nesi wa kliniki anakishika na kukusogeza pembeni huku akiongea na mtu mwingine. Mwenye duka anakishika ili apitishe kreti zake. Hata mwanawe Ognyan, kila akija kutoka Uhispania, salamu hazijaisha mkono uko kwenye kifimbo. Hakuna anayeuliza. Velika alikuwa na miaka sabini na moja, akili zake timamu kuliko za nusu ya jengo letu, na watu walikuwa wanamhamisha kama meza.

Jumanne akaja fundi wa kampuni, kijana mwenye viatu visafi. Akafungua kisanduku kilicho chini ya mkono wa kiti, akapiga mbinja.

"Bodi imekufa, mama. Imeliwa na chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyushia barafu. Tazama mwenyewe."

Velika akatazama. Alikuwa anaijua bodi kuliko huyo kijana anavyomjua mama yake. Ni ubao mwembamba tu. Upande mmoja umebeba vyombo vidogo vya umeme, upande wa pili una vinjia vya shaba vinavyovipitishia umeme. Vyombo vilikuwa vinang'aa. Vinjia ndivyo vilivyokuwa vimeoza, vimegeuka unga wa kijani.

"Basi leta nyingine," akasema.

"Hazitengenezwi tena. Hiki kiti ni cha zamani, mama, kililetwa kwa msaada. Andika maombi ya kipya."

"Kipya kinakuja lini?"

"Ukibahatika, kiangazi."

Na hapo ilikuwa Oktoba.

"Vyombo vyenyewe si vizima?"

"Huenda ni vizima. Lakini vitakaa wapi? Bodi imeoza. Hii haitengenezeki."

Sasa neno hilo, mtu anayetaka kutoka kwa Velika na heshima yake, halisemi. Miaka ishirini na miwili Velika alikuwa kiwandani katika chumba cha kuchorea bodi, wanawake kumi na wanne wameinamia meza zenye taa, kila mmoja na kalamu yake ya rangi. Bodi za kwanza za kila mtambo mpya zilichorwa kwa mikono yao, zikaliwa kwa dawa, zikatobolewa, zikajaribiwa. Alimtazama yule kijana kwa muda, akamwambia, "Asante mwanangu, funga mlango ukitoka," na kijana wa watu akashuka ngazi bila hata kuita lifti.

Jioni ile Ognyan akapiga simu. Anaendesha lori kule Saragosa, na akiongea na mama yake huongea kama anayesoma kibao cha barabarani.

"Mama, nafasi imepatikana."

"Nafasi gani?"

"Usijifanye hujui. Kwenye nyumba ya wazee. Chumba kizuri, kina dirisha."

"Mimi dirisha ninalo. Na balkoni, na mlima."

"Mama, kiti kimekufa! Utakaa ndani mpaka kiangazi? Nani atakuletea mkate?"

"Mincho."

"Mincho ana miaka sabini na sita, mkate wake mwenyewe unampandisha roho juu. Mimi huku silali, Mama. Simu ikilia nashtuka. Jumamosi nakuja, nimeshaomba ruhusa kazini. Unatia sahihi, tunakwenda siku hiyo hiyo."

Velika akahamishia simu sikio la pili. Hakuwa na hasira na mwanawe, na hilo ndilo lililomkera zaidi, maana hasira ingemsaidia. Aliujua woga wake. Lakini alikuwa ameitembelea nyumba ile, alikwenda kumwona Radka, aliyefanya naye kazi meza moja. Alimkuta Radka ameegeshwa kwenye korido, anatazama ukuta.

"Sikiliza," akasema. "Ukifika Jumamosi ukanikuta natembea na kiti changu mwenyewe, hiyo nafasi utawarudishia?"

"Mama, fundi amesema..."

"Sijakuuliza fundi amesema nini."

Ognyan akashusha pumzi. "Nikikukuta unatembea, sitasema neno tena. Nikikukuta umekaa, unatia sahihi bila ugomvi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Unafika saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Basi saa nne nitakuwa chini nakungoja."

Alipokata simu, sauti ikatoka balkoni ya jirani. Balkoni zetu zimetenganishwa na kiambaza chembamba, na siri za jengo zima hupitia hapo. Mincho alikuwa anachoma pilipili mboga za msimu kwenye chungu chake cha umeme, ameshika koleo, shati limejaa masizi.

"Umemwahidi mtoto uongo," akasema.

"Nani kakwambia usikilize?"

"Nizibe masikio? Utashukaje chini, kwa maombi?"

"Kwa bodi mpya."

"Ya kutoka wapi?"

"Ya kutoka jikoni kwangu. Acha hizo pilipili, njoo unishushie boksi lililo juu ya kabati. Halafu kesho utaninunulia rangi ya kucha."

Mincho alifanya kazi ya kuunda mabasi na kuyaendesha kwa majaribio maisha yake yote, na kwake kitu kisichohitaji nyundo si kazi ya maana. Lakini alikuja. Ndani ya boksi mlikuwa na pasi ya kulehemu, keekee ndogo ya mkono, vibiti vyembamba vya kutobolea vilivyofungwa kwa pamba, mche wa risasi ya kulehemea, na kipande kimoja cha ubao mpya, uso mmoja umevikwa shaba tupu. Kimoja tu. Velika alikipitisha kidole, akaona kinatosha kwa upana, inabaki nafasi ya ukucha.

"Na hicho kikiharibika?" Mincho akauliza.

"Hakiharibiki."

Jumatano Mincho akaleta chupa tatu za rangi ya kucha, uso umeiva kwa aibu.

"Yule binti wa dukani kaniuliza kama ni za mchumba. Mbele ya watu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni za jirani, anatengeneza kiti cha magurudumu. Sasa anadhani nimeanza kuchanganyikiwa."

Mbili zilikuwa na vimetameta. Velika akazitupa pembeni, akashika ile nyekundu ya kawaida, iliyo nzito. Kwanza aling'oa vyombo vyote kwenye bodi iliyokufa, akivilainishia risasi kwa pasi kimoja kimoja, akavipanga ndani ya trei ya mayai, kila shimo na karatasi yake ya namba. Halafu akalaza karatasi ya kufuatishia juu ya shaba iliyooza. Pale njia ilipobaki aliifuata kwa penseli, na pale ilipoliwa alitafuta alama yake kwa kioo cha kukuzia mpaka akaipata. Kazi hiyo ilimla asubuhi nzima.

Akaichukua karatasi, akaigeuza, akaibana juu ya shaba mpya, akaanza kudunga kwa sindano palipo na matundu. Baada ya hapo akachora. Alichovya ncha ya kalamu ya zamani kwenye rangi ya kucha, akabana pumzi, akavuta mstari, akaachia pumzi. Mstari mwingine. Kila palipo na tundu aliweka doa la mviringo. Rangi ikianza kukauka kwenye ncha, anaifuta, anachovya tena. Mincho alisimama mlangoni akitafuna mkate.

"Hiyo rangi ni ya nini hasa?"

"Dawa italamba shaba yote iliyo wazi. Iliyo chini ya rangi haitaiona. Rangi nikiitoa, zinabaki njia zangu."

"Na ukikosea?"

"Mincho, nenda ukachome pilipili."

Ile dawa ilikuwa stoo, kwenye rafu ya juu, kati ya mtungi wa kabichi ya kuchachua na mtungi wa sharubati ya plamu. Dawa ya kahawia iliyokoza, ya tangu zamani za kiwanda, na karatasi imebandikwa kwa mwandiko wa marehemu mumewe: HII HAILIWI, NAOMBA. Mumewe alikuwa na sababu zake. Sinki la bafuni lilikuwa na doa la kahawia la mwaka wa themanini na nne ambalo halijatoka hadi leo, na ndoa yao ilinusurika kidogo tu.

Alhamisi baada ya chai akavaa glavu kuukuu zilizotoboka, Mincho akamsogeza balkoni. Akaimimina dawa ndani ya kopo la plastiki la aisikrimu, akaliweka kopo ndani ya beseni la maji moto, maana dawa ikiwa baridi hula kwa uvivu. Kitu cha chuma hakikaribishwi hapo, sufuria ingeliwa pamoja na shaba. Akaizamisha bodi, akaanza kulitikisa kopo taratibu, upande huu, upande ule, bila kupumzika, kwa sababu dawa ikitulia inakula hapa na kuacha pale.

Dakika kumi hakuna kitu. Kumi na tano, shaba ikapauka kwenye kingo. Kisha ikaanza kuondoka. Hiyo ndiyo saa ambayo Velika aliipenda tangu ana miaka ishirini, pale ubao mtupu unapojitokeza na mistari myekundu inabaki imesimama peke yake. Mgongo ulimuuma, bega likawaka moto, na hakuacha kutikisa. Alipoitoa na kuisuuza, akaifuta rangi kwa pamba na dawa ya kuondolea rangi ya kucha, njia za shaba zikang'aa safi, bila jino, bila mkato hata mmoja. Aliishika kwenye jua akacheka peke yake.

"Haya, Bwana Basi!" akaita. "Njoo uone kitu kisichotengenezeka."

Mincho akaja, akaiangalia muda mrefu kuliko alivyokusudia. "Nzuri," akasema. Kwa Mincho hilo ni hotuba.

Akatoboa matundu kwa keekee, moja baada ya jingine, vumbi likimwangukia mapajani. Halafu akachukua chipu kubwa, kile chombo cheusi chenye miguu minane kila upande, akakileta juu ya matundu yake. Miguu iliingia vizuri. Akatafuta ile alama inayoonyesha mguu wa kwanza, na mguu wa kwanza ulikuwa umeingia palipostahili kuwa wa mwisho.

Akakigeuza. Hapana. Akashusha kioo cha kukuzia, akafuata njia moja kwa kidole mpaka mwisho wake. Akafuata nyingine. Ndipo akaelewa.

Bodi nzima ilikuwa kinyume. Kushoto kulikuwa kulia na kulia kushoto, kama sura kwenye kioo. Kule kiwandani michoro ililetwa ikiwa imechorwa kutoka upande wa vyombo, na kabla ya kudunga ilikuwa lazima uigeuze karatasi. Miaka ishirini na miwili, kila bodi, unageuza kwanza. Lakini mchoro huu aliufuatisha mwenyewe kutoka upande wa shaba, na haukutakiwa kugeuzwa kabisa. Mikono yake iligeuza bila kumuuliza. Mikono yake mwenyewe, nayo imekuwa kama ya wengine wote.

Hakulia mara moja. Kwanza alitukana, matusi ya chumba cha kuchorea, ambayo Mincho na umri wake wote alikuwa hajawahi kuyasikia. Kisha akalia.

"Tuchore nyingine," Mincho akasema kwa upole.

"Hakuna nyingine. Kipande kilikuwa kimoja."

"Dukani?"

"Kuagiza ni wiki. Leo Alhamisi."

Mincho akaketi kwenye ndoo ya pilipili, akajipangusa kipara. "Basi Velika, labda Ognyan naye ana hoja. Hiyo nyumba si jela. Wanapika supu, nasikia."

"Wewe nenda ukale hiyo supu," akasema, na akageuza uso kuelekea mlima.

Akiutazama mlima akamkumbuka mhandisi mmoja wa zamani, mwenye tai ya kijani. Mwaka fulani bodi arobaini zilitoka kinyume hivi hivi, zikaamriwa kutupwa. Velika, binti wa miaka ishirini na sita, aliinua mkono akasema: kwa nini tusiviweke vyombo upande wa shaba wenyewe? Ukiitazama kutoka upande huo, si kila kitu kinarudi mahali pake? Yule mhandisi akamwambia, "Wewe kazi yako kuchora. Kufikiri ni kazi yangu." Wenzake wakacheka, Radka akiwamo. Bodi zikatupwa, na Velika hakuinua mkono tena kiwandani mpaka siku ya kustaafu.

Sasa akageuka kutoka mlimani, akaliangalia jiko lake. Mwenye tai hakuwamo.

"Mincho. Nisogeze mezani."

Ilikuwa kazi ya kichaa, na yeyote aliyewahi kushika pasi ya kulehemu atanielewa. Kwa kawaida chombo hukaa juu na risasi hutiwa chini, kila mtu na upande wake. Velika alilazimika kuweka chombo na risasi upande mmoja. Basi kila chombo alikiinua kwa miguu yake, kikasimama hewani kidogo, ili ncha ya pasi ipite chini kwa mshazari na kuigusa shaba bila kukiunguza chenyewe. Kwanza alizipaka njia zote risasi nyembamba zisije zikaliwa tena na chumvi. Alisaga utomvu mkavu wa msonobari, akauyeyusha kwa spiriti, akaupaka ili risasi ishike. Mincho alimletea chupa ya rakia yake, pombe kali ya plamu, kwa kazi hiyo, akakataliwa.

"Hiyo ina maji ndani. Hiyo ni ya kunywa."

"Basi tuinywe."

"Jumamosi."

Ijumaa saa nane mchana vyombo vyote vilikuwa vimesimama upande wa shaba kama wageni waliokosa viti. Bodi haikuingia tena vizuri kwenye kisanduku chake, kwa sababu vyombo vilikuwa vimenyanyuka mno. Velika akakitupa kifuniko, akakata chombo cha siagi, akakifunika hicho kwa juu na kukikaza kwa mkanda wa mabomba. Picha ya ng'ombe ikabaki upande wa nje, inatabasamu.

"Kaa mbali," akamwambia Mincho, akabonyeza swichi.

Taa ya kijani ikawaka. Akasukuma kifimbo mbele kidogo, na kiti kikaenda mbele. Akavuta nyuma, kikarudi nyuma. Mincho akajifuta macho akisingizia moshi wa pilipili, na siku hiyo hakuwa amechoma hata moja. Velika akakisukuma kifimbo kushoto, apite mlangoni kwenda kwenye korido.

Kiti kikaenda kulia, kikagonga kabati la viatu.

Alijua pale pale. Plagi ya kifimbo nayo ilibidi iingie kwa upande wa pili, na waya mbili za pembeni, wa kushoto na wa kulia, zimebadilishana nafasi. Kuzing'oa na kuzirudisha ni dakika tano. Akaichukua pasi.

"Ngoja kwanza," Mincho akasema. "Hebu mimi nijaribu hilo basi lako." Na bila kungoja jibu, kama wote, akainama akashika kifimbo, akamsukuma apite mlangoni. Wakaingia ukutani. Akajaribu tena kwa bidii zaidi, wakaingia kwenye jokofu. Mincho, dereva wa majaribio wa miaka thelathini, akasimama anahema. "Kiti chako kimelewa, Velika. Rekebisha hicho kitu."

Velika alikuwa ameishika pasi hewani. Alikitazama kifimbo, akautazama mkono wa Mincho. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameishi kinyume, akiona kushoto mahali pa kulia bila hata kufikiri. Yeye angekizoea kiti hicho kwa nusu saa. Wengine je?

Akairudisha pasi kwenye kitako chake, akaizima.

"Sirekebishi," akasema.

"Hurekebishi vipi?"

"Hivyo hivyo."

Mchana wote uliobaki alizunguka kwenye korido ya ghorofa ya tatu, na sisi tuliokuwa ndani tulisikia milango ikigongwa, kwanza mara nyingi, baadaye mara chache, mwishoni haikugongwa tena.

Jumamosi saa nne kasorobo alishuka. Alivaa koti lake jekundu na hereni. Kabla Ognyan hajafika alikuwa ameshafika sokoni na kupata mfuko wa pilipili mapajani, kwa sababu kumngoja mtu bila kazi hakuwezi. Gari la kukodi likaingia uani, Ognyan akashuka, mnene kuliko mwaka jana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akamwona mama yake anakuja kwa kasi kutoka upande wa barabara, anakata kona kwenye miti ya maua, anasimama mbele yake sawasawa.

"Umechelewa dakika saba," Velika akasema.

Ognyan akambusu mashavuni. Kisha macho yakaangukia chombo cha siagi.

"Mama, hii nini? Kuna ng'ombe hapa."

"Bodi yangu. Nimeitengeneza mwenyewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa rangi ya kucha na ukaidi. Ulitoa ahadi, Ognyan."

Alimeza mate. Uso wake ulikuwa na woga ule ule wa kwenye simu. "Nilitoa, ndiyo. Lakini Mama, kitu kimefungwa kwa mkanda! Kesho kikizimikia katikati ya barabara? Twende tu tukaione ile nyumba, uione kwa macho, hutatia sahihi yoyote. Gari liko hapa hapa." Na wakati anasema, mkono wake ulikwisha kufika kwenye kifimbo. Akakisukuma kushoto, kuelekea mlango wa gari uliokuwa wazi.

Kiti kikaenda kulia, kikaliacha gari. Ognyan akakaza mkono, akasukuma kushoto zaidi. Kiti kikazunguka kabisa, kikampa gari mgongo, kikaanza kuelekea mlango wa jengo huku yeye anakikimbilia ameinama, tai inaning'inia. Kwenye balkoni ya ghorofa ya tatu Mincho alikuwa ameegemea, koleo mkononi, na nisiseme uongo, nusu ya jengo tulikuwa madirishani.

Ognyan akaachia. Kiti kikasimama.

"Kimeharibika, Mama. Unaona? Hakishiki njia."

"Hakijaharibika." Velika akaweka mkono wake kwenye kifimbo, akakigeuza kiti taratibu mpaka wakatazamana. "Kinaniendesha mimi ninakotaka mimi. Miaka tisa, mwanangu, kila mtu ananishika na kunipeleka. Hata wewe. Hujawahi kuniuliza, hata siku moja, naelekea wapi."

Ognyan akarudi hatua moja. Akautazama mkono wake kana kwamba ameuona leo. Vidole vya mama yake vilikuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni, na alipokuwa mtoto, ni kwa vidole hivyo alivyomtambua mama yake alipokuja kumchukua shule. Akachutama kwenye lami, koti lake zuri likagusa maji ya mvua.

"Naogopa, Mama," akasema. "Kule niko mbali, naogopa tu."

"Najua. Ogopa. Lakini ogopea huko kwako."

Akainuka, akajipangusa magoti. Halafu akatoa simu, akaipigia ile nyumba ya wazee, akasema kwa sauti ya kibao cha barabarani kwamba chumba wampe mtu mwingine, mama yake ana shughuli. Akafunga mlango wa gari. Akachukua mfuko wa pilipili kutoka mapajani kwa Velika, na wakaelekea kwenye lifti, yeye akitembea ubavuni.

Ndani ya lifti ni pembamba, kiti lazima kiingie kwa mshazari. Mkono wa Ognyan ukainuka wenyewe, ukaelekea kwenye kifimbo. Akauzuia katikati ya njia, akautia mfukoni.

"Nikusaidie nini, Mama?" akauliza.

"Bonyeza ya tatu," Velika akasema.